Mtoto ameniapisha nisiseme, na ami yake anamletea mamangu samaki. Nifanyeje?

BintiKisiwani

Asalaam aleikum nyote. Naomba mawazo ya walioko kwenye hii kazi ya ustawi wa jamii, na hata wasiokuwa kwenye hii kazi bora wamezaliwa huku kwetu na wanajua mambo yalivyo. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili mtu asijulikane, kwa hivyo tafadhali msianze kubahatisha ni nyumba gani.

Nko Amu, kisiwani Lamu, nafanya na shirika dogo la watoto. Supavaiza wangu yuko Malindi, tunaongea kwa simu mtandao ukikubali. Nina kesi ya kijana wa miaka 14, gredi ya 8, baba hayuko, mama ameolewa bara, anakaa na bibi yake. Shule ndo ilituletea jina, ati wiki hii yuko wiki ile hayuko. Kumbe ami yake anamchukua baharini kwenye kamba mawe, na anayepiga mbizi ni yeye kijana kwa sababu ana pumzi na ami mgongo umemshinda. Hiyo pesa ya kamba ndo inalisha nyumba yote, bibi hana kitu. Na kijana mwenyewe anapenda wallahi, ukimuuliza ukiwa mkubwa utakuwa nani hata humalizi swali, nahodha.

Siku hiyo tumekaa tu barazani akanieleza yote, mpaka sikio moja lilitoka damu, halafu akaniambia da, apa hutasema, ukisema ami atafungwa na bibi atakosa chakula na mimi nitapelekwa nyumba ya watoto Mombasa. Mi nikanyamaza. Sikuapa, lakini pia sikukataa.

La pili ndo linaninyima usingizi. Huyu ami ni jirani ya mamangu. Tangu nianze kwenda kwa bibi, kila akirudi bahari inamtoa vizuri anapitisha mtungo wa samaki kwa mamangu, mara changu, mara tafi, siku moja kolekole mzima. Hasemi kitu, anatoa salamu anaweka anakwenda zake. Mamangu anapokea kwa sababu ni jirani na majirani wamekuwa wakipeana samaki tangu zamani, na hapa kwetu mnajua, kumrudishia mtu samaki wake mlangoni ni kumtukana mbele ya mtaa mzima. Nikimwambia mama asipokee ataniuliza kwa nini na hilo siwezi kumwambia, ni siri ya kesi. Nikinyamaza, jioni samaki yuko mezani na mimi nko mezani. Nikipeleka ripoti watasema tumekula samaki wa mtu halafu tumemuuza, nisipopeleka siku ofisi ikijua watasema nimenunuliwa kwa mtungo wa changu.

Kwenye kozi tulifundishwa kujitafakari kazini, kuandika daftari, ule mzunguko wa Gibbs wa 1988 wenye hatua 6, nini kilitokea, ulihisi nini, kizuri kipi kibaya kipi, kwa nini, ungefanya nini tofauti, utafanya nini safari ijayo. Fomu nimejaza. Nikifika pale kwenye ulihisi nini naandika "nilihisi vibaya" halafu nasonga mbele. Kuna yeyote hii kitu imemsaidia kuamua jambo kweli kweli, ama ni ya kumfurahisha mkaguzi akija kuangalia mafaili?

kijana_sheria

Dada hapo hakuna mtihani wowote, sheria iko wazi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inasema mtoto anayefanya kazi inayoweza kudhuru afya yake au masomo yake ni mtoto anayehitaji ulinzi. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu, isiyomuumiza na isiyomtoa shule, na kupiga mbizi ya kamba si kazi nyepesi hata kwa mtu mzima. Ongeza Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mzazi au mlezi asiyempeleka mtoto shule anaweza kupigwa faini hadi laki moja au kifungo hadi mwaka mmoja. Peleka kwa afisa wa watoto, ama kama unaogopa kuonekana piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure na inafanya kazi usiku na mchana. Mambo ya samaki ni yenu na jirani yenu.

Nahodha Mstaafu

Huyu wa sheria namuona ana haraka ya kufunga watu.

Mwanangu, salamu. Mimi ni mtu wa Amu, bahari nimeianza mdogo kuliko huyo kijana na sikuibiwa na mtu, ndivyo tulivyofundishwa kazi. Lakini yambo moya nikwambie, sisi tulikuwa tukienda siku za kufungwa shule na chuo cha Kurani, na tulikuwa tukishika tanga na kutoa maji chomboni, mbizi ya kamba walikuwa wakiipiga wanaume wenye ndevu. Kumtia mtoto chini kila siku, tena kusi ikivuma, hiyo si mila, asije mtu akakudanganya ni mila.

Pia usimuone huyo ami kama shetani. Nyinyi vijana wa ofisi mwaandika "ami anamtumikisha" halafu mwafunga faili. Uliza kwa nini anakwenda mbali na kuzama kina kirefu. Bandari imechimbwa, maji yamechafuka, mahali tulipokuwa tukitega karibu hapafai tena. Hatusemi sisi tu, Mahakama Kuu mwaka 2018 ilisema wavuvi wa Lamu karibu 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya mradi wa LAPSSET, huo wa bandari, na baada ya hapo miaka ikapita kwa mikutano na karatasi juu ya karatasi. Mtu mgongo umekufa, malipo ayangoye mpaka lini, ana mama mzee nyumbani na mtoto wa nduguye, wewe wataka afanyeje.

Ndia nzuri ni kwenda kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, mtu mzima, aseme naye kimyakimya. Akiambiwa na wenziwe wa pwani atasikia. Akiambiwa na karatasi ya serikali atamficha mtoto Kiunga huko na hutamuona tena.

Mama wa Muyeye

BintiKisiwani mwanangu, nimefanya hii kazi Malindi mpaka nikastaafu, na siku hizi nakaa na vijana wa mashirika wakiwa na kesi nzito, kwa hivyo nitakuwa mrefu, nivumilie.

Kwanza uliuliza kama ile daftari inasaidia. Inasaidia ikiandikwa kwa ukweli, na wewe tayari umeandika, kule juu ndo daftari yako. Hebu irudie uisome kama umeandikiwa na mtu mwingine. Samaki wamepata aya nzima, tena na majina yao, changu, tafi, kolekole. Mamako, mtaa, ofisi itasema nini, yote umeyaeleza mpaka nimeiona meza. Sikio la mtoto limetoka damu limepata maneno manne katikati ya sentensi halafu ukapita. Sikulaumu. Kalamu huwa inakaa pale mwandishi anapoumia, na pale unapoumia wewe si pale anapoumia kijana. Hiyo tu ungeiona peke yako kwenye daftari ungekuwa umeshamaliza nusu ya kazi.

Pili, hiyo "nilihisi vibaya". Vibaya si hisia mwanangu, ni mlango umefungwa. Ufungue. Mimi nikisoma naona hofu, tena hofu za watu tofauti zimechanganyika: yako ya kusemwa mtaani, ya mamako ambayo yeye mwenyewe hajui kama anayo, ya kijana kupelekwa mbali na bibi yake, ya bibi kulala njaa. Zote umezibeba wewe na kuziita zako. Mimi vijana wangu nawaambia waandike swali moja tu chini ya kila uamuzi: nikikosea hapa, atakayelipa ni nani? Ukinyamaza analipa kijana, kwa mwili wake. Ukisema, unalipa wewe na mamako kwa maneno ya watu, na bibi analipa kwa chakula. Kwa hivyo kusema si mwisho wa kazi, lazima kuende pamoja na mpango wa chakula cha bibi, la sivyo umehamisha tu mzigo kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzee. Kama bibi ametimiza miaka 70 uliza kama yuko kwenye Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, haitoshi na usajili haufunguliwi kila siku najua, lakini nimekuta wazee wengi wanaostahili na hakuna aliyewahi kuwaandikisha. Uliza basari, uliza chakula shuleni. Na huyo ami, hapo namuunga mkono Nahodha, ana mgongo mbovu na hakuna aliyemuuliza kuhusu mgongo wake.

Tatu, kiapo. Kuna Mmarekani mmoja, Donald Schön, mwaka 1983 alitenganisha kufikiri baada ya kazi na kufikiri palepale mkono uko kwenye kazi. Fomu ya Gibbs ni ya baadaye, umekaa na chai yako. Ile sekunde kijana amesema "apa" na wewe ukanyamaza, hiyo ni ya palepale, na ya palepale huwezi kuisubiri ije yenyewe, unaifanyia mazoezi kabla. Mimi kila mtoto, kabla hajafungua mdomo, namwambia hivi: mambo yako nitayatunza, ila nikisikia unaumia ama kuna mtu anaweza kuumia, hapo nitamwambia mtu wa kusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua kabla sijamwambia. Namwambia kwa lugha ya kucheza, lakini namwambia. Kanuni za kimataifa za ustawi wa jamii za 2018 zinasema hivyo hivyo, siri inaheshimiwa na ina mipaka, na mtu anatakiwa ajulishwe mipaka hiyo. Kwa hivyo rudi kwake umwambie sasa. Usimtafute mtu mwingine yeyote kabla yake. Atakasirika, mwache akasirike mbele yako, ni afadhali kuliko asikie kwa wengine.

Na hiyo nyumba ya watoto Mombasa, mwambie ukweli: sheria ya 2022 inatambua mtoto kulelewa na jamaa zake, na mpango wa taifa ulioanza mwaka huo huo ni wa miaka 10 ya kuwatoa watoto kwenye hizo nyumba warudi kwenye familia. Kumtoa kwa bibi ni jambo la mwisho kabisa. Lakini USIMWAHIDI. Usimwahidi hatapelekwa na usimwahidi ami hatafungwa, hizo si zako kuahidi.

Samaki: mpigie supavaiza leo, na uweke kwa maandishi, tarehe hii jirani ambaye ni mhusika katika kesi analeta samaki nyumbani kwetu, mamangu anapokea, mimi siwezi kumweleza mama sababu. Basi. Siku ofisi ikija kuuliza itakuta wewe ndo uliyesema wa kwanza. Na uliza kama kesi inaweza kushikwa na mwenzako, angalau nusu, wewe ubaki na kijana na mwenzako akabiliane na ami. Najua kisiwani kila mtu ni jamaa ya mtu, ukisema usishike kesi ya unayemjua utakaa bure mwaka mzima, kwa hivyo swali si kama mnajuana, ni kama kujuana kunakufunga mdomo.

nesi_maweni

Mi nataka kuongea habari ya sikio tu maana naona mnalizunguka.

Damu sikioni baada ya mbizi mara nyingi ni ngoma ya sikio imepasuka. Mtu akiteremka mita 10 presha inakuwa mara mbili ya juu, na ngoma inaweza kupasuka hata hapo mita chache tu kama ana mafua au hajui kulisawazisha. Nyingi zinapona zenyewe kwa wiki kadhaa BORA ZISIGUSE MAJI. Na hii ndo inaniogopesha, mtu mwenye tundu kwenye ngoma akiingia chini yale maji baridi yanapenya ndani na kizunguzungu kinampiga ghafla, hajui juu ni wapi chini ni wapi. Mzamiaji hodari anapotea hivyo hivyo. Kwa hivyo hii si habari ya siku moja ataugua uziwi, ni habari ya safari ijayo.

Mpelekeni hospitali kabla ya kesi, kabla ya kikao, kabla ya kila kitu. Daktari akiona ataandika asiingie majini mpaka alione tena. Hiyo karatasi ami ataielewa bila polisi, hakuna mvuvi asiyejua kizunguzungu cha chini.

BintiKisiwani

Shukrani sana, nimesoma zote, ya Mama wa Muyeye nimeisoma usiku nikaisoma tena asubuhi. Kweli sikio nimelipitia haraka, ila nataka kusema pia si kwamba nilikuwa najali samaki zaidi. Mimi nitafunga ofisi jioni nirudi nyumbani, na mamangu ndiye atakayekaa na hao majirani miaka yote, sokoni, kwenye arusi, maulidini. Yeye hakusomea hii kazi na halipwi. Na hakuna hatua hata moja kati ya zile 6 iliyoniuliza mamangu analipa nini. Hilo swali lako la nani atakayelipa ndo lilifanya nikaliona.

Nimempigia supavaiza, habari ya samaki nimemtumia kwa maandishi. Amekubali mwenzangu wa Mokowe ashike upande wa ami. Kesho kijana hana shule, nitamwambia mwenyewe kwanza halafu twende hospitali na bibi yake. Kuhusu BMU bado sijaamua, Nahodha nakuheshimu, lakini nikienda kwa mwenyekiti si ndo nimeitangaza kesi pwani nzima?

kijana_sheria

Hapo sasa tuko pamoja. Ukienda BMU bila ruhusa umevunja siri ya mtoto kwa jina la kuilinda. Na Nahodha samahani mzee wangu, sikusema afungwe, nilisema iripotiwe, afisa wa watoto ana njia nyingi kabla ya korti. Lakini lazima afisa ajue, hospitali haitoshi. Karatasi ya daktari inamtoa majini mwezi mmoja, ngoma ikipona anarudi kule kule.

Nahodha Mstaafu

Sikukataa afisa ajue, nilikataa afisa awe wa kwanza. Samahani yako imepokewa.

Kwa BMU, bintangu, si lazima utaje mtu. Mwambie mwenyekiti aweke mkutano wa vyombo vyote azungumzie watoto wanaopiga mbizi, ni wengi, si huyo mmoja. Kila mtu atadhani ni jirani yake anayesemwa. Mimi nitakwenda nikae mbele, na hadithi za kizunguzungu ninazo za kutosha, wapo niliowazika.

nesi_maweni

^ hii nzuri. Mkitaka mtu wa afya aje aongee kwenye huo mkutano wa vyombo niambieni niulize wenzangu wa Amu, tuna picha za sikio wanaume wakiziona wananyamaza.

BintiKisiwani

Nahodha hiyo imenikaa, nitamuuliza supavaiza kama shirika linaweza kuiomba kama mkutano wa usalama wa bahari bila kesi yoyote kutajwa. Swali la mwisho: hiyo daftari yangu naiandikia wapi? Kwa sasa iko kwenye noti za simu, na simu yangu nyumbani inachezewa na kila mtoto.

Mama wa Muyeye

Itoe kwenye simu leo leo. Tena kama umewahi kujitumia kwa WhatsApp futa. Ukiandika jina la mtoto, au hata "yule wa gredi ya 8 anayekaa na bibi karibu na kwetu", Amu hiyo ni sawa na jina, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiangalii kama ni faili la ofisi au daftari yako ya kujitafakari. Nunua daftari ya karatasi, iache ofisini ndani ya kabati lenye ufunguo, tumia herufi moja ambayo si ya jina lake. Yaliyotokea, tarehe, nani alisema nini, hayo yapeleke kwenye faili la kesi. Hofu zako na hasira zako zibaki kwenye daftari, usizichanganye, maana faili linaweza kuitwa kortini na ukaulizwa kila mstari. Na hii posti pia, baada ya siku mbili tatu omba msimamizi aifute, umebadilisha mambo lakini kamba na mbizi na gredi ya 8 bado viko hapa.

BintiKisiwani

Sawa mama. Nimeshamwandikia msimamizi, mwenye la kuongeza aongeze kabla ya Ijumaa.